Wapima udongo walionipimia kiwanja Kibaha: nyota 4 kati ya 5

Nianze na hela, maana ndilo swali la kwanza kila ninayemsimulia huniuliza. Kiwanja cha nyumba ya chini, vyumba vitatu, nilitozwa laki saba: mashimo matatu, kazi ya maabara na ripoti. Fundi wangu alicheka. "Mama, udongo huu sururu yenyewe inagoma. Laki saba si ungeongezea nondo?" Na kwa macho alikuwa na haki. Mbele, upande wa barabara, ni kichanga chekundu kilichoshikana vizuri. Nyuma nako kwa juu ni hicho hicho. Kinachotofautiana kiko chini.

Wanaoijua Kibaha wanajua ninachosema. Watafiti wameshaandika kuhusu majengo ya huko yaliyopasuka kwa sababu ya mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi. Na haujatandazwa sawasawa. Jirani anaweza kukaa miaka na ukuta mzima, wewe wa pili yake unaziba nyufa kila mwaka na kumlaumu aliyepiga plasta.

Walikuja vijana watatu na injinia wao, shikamoo nyingi, buti safi kuliko nilivyotarajia. Kifaa chao kikuu cha kupima ugumu wa udongo ni kile wanachokiita DCP: chuma chenye ncha, juu yake nyundo ya kilo 8 inayoinuliwa na kuachiwa ianguke sentimita 57.5, kila pigo wanasoma milimita zilizozama. Mbele chuma kilikuwa kinaingia kwa shida, milimita kumi na kitu kwa pigo. Nyuma kilianza vile vile, kikapita kama mita moja, halafu kikaanza kuteleza, milimita 40 na zaidi kila pigo. Fundi aliacha kucheka hapo. Shimo la nyuma walipolifungua ulitoka mfinyanzi wa kijivu unaonata kwenye koleo.

Kilichonifurahisha zaidi ni maabara, maana walinikaribisha nikaone. Unga wa ule udongo mkavu, mililita 10, ulimiminwa kwenye silinda ya kioo yenye maji ukaachwa utulie mpaka kesho yake. Nilipoonyeshwa ulikuwa umefika alama ya 17, yaani umevimba asilimia 70. Injinia akasema ukivuka 50 ndipo unapoanza kuuogopa. Wa shimo la mbele haukusogea kwa kiasi cha kujadili.

Sasa ile nyota niliyoibakiza. Ripoti ilichelewa, hilo nasamehe, ila ukurasa wa kwanza waliandika namba moja kwa kiwanja kizima: udongo unabeba kilonewtoni 120 kwa mita ya mraba (kilonewtoni moja ni kama uzito wa kilo 100). Nikafungua mwenyewe majedwali ya mwisho wa ripoti, mbele ya kiwanja ni 165, nyuma 75. Hiyo 120 ni wastani, na kwenye kiwanja changu hakuna mahali panapobeba 120! Nikampigia injinia. Kwa haki yake hakubisha. Akanieleza kwamba nguvu ya mwisho ya udongo wameshaigawa kwa 3 kupata namba salama, kwa hiyo nyumba yangu ya bati haingedidimia hata kwenye 75. Tatizo ni kupishana. Ukuta wa mita 6, ncha moja ikizama milimita 20 zaidi ya nyingine, nyufa uzitarajie; na mfinyanzi unaovimba hausubiri uzito, unainua wenyewe. Nikamuuliza, kama ndivyo, mbona hayo hayakuandikwa ukurasa wa kwanza ambako fundi angeyasoma? Akacheka kidogo, akaahidi kurekebisha, akarekebisha.

Jambo jingine: ripoti yote ni Kiingereza. Alinitafsiria kwa sauti za WhatsApp, ndefu na za kueleweka, lakini fundi ndiye anayechimba, na fundi hasomi ripoti ya kurasa thelathini za Kiingereza. Ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye mchoro wa kiwanja ungetosha.

Ushauri wao wenyewe ulikuwa mzuri, na hapa ndipo laki saba iliporudi. Badala ya kuniambia nichimbe kina kirefu nyumba nzima, walisema upande wa nyuma tu: ondoa mfinyanzi chini ya mstari wa msingi, rudishia moramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe kabla ya jingine, zege la chini liwe pana zaidi, mkanda wa nondo uzunguke nyumba yote bila kukatika. Karo la maji taka lihame kutoka nyuma, bomba la maji ya bafuni lisipite chini ya sakafu, na ule mwarobaini niliopanga kuupanda dirishani uende uani mbali, kwa sababu mizizi yake hunyonya maji upande mmoja wa msingi.

Ukiwaita, omba shimo la nne pale unapopanga choo na karo. Mimi niliongezewa kwa laki moja na nusu, na lilibadilisha ramani kuliko yale matatu. Na waambie mapema kabisa: ukurasa wa kwanza nataka kila shimo na namba yake. Wakianza kufanya hivyo bila kuombwa, nyota ya tano nitairudisha.