Mbunge akifariki: uchaguzi mdogo au mbunge wa akiba?

Sir Charles Mark Palmer, mwanzilishi wa karakana kubwa ya meli mtoni Tyne, alikuwa mbunge wa Jarrow, Uingereza, tangu 1885. Alifariki Juni 1907, na tarehe 4 Julai wapiga kura wakaitwa tena. Ubelgiji ya miaka hiyo isingehitaji hayo: tangu sheria ya 1899, wabunge wa akiba walichaguliwa siku moja na wabunge wenyewe, kiti kikibaki wazi wanaingia.

Kwa gharama na kasi, Ubelgiji inashinda bila ubishi.

Kwa sauti ya mpiga kura, mimi naiona Jarrow mbele. Chama cha Liberal, chama cha Palmer, kiliangukia nafasi ya tatu! Pete Curran wa Labour alipata kura 4,698, Conservative 3,930, Liberal 3,474, na mzalendo wa Ireland 2,122. Mbunge wa akiba asingeweza kutuonyesha mageuzi hayo. Lakini tazama hesabu: Curran alishinda kwa takriban theluthi moja tu ya kura, na wanawake hawakuruhusiwa kupiga hata moja.

Kama jimbo lako humchagua mtu kwa jina lake, basi kumrithisha mwingine bila kuwauliza wananchi ni kuwapora. Kama kiti kimetokana na orodha ya chama, kama vilivyo viti maalumu vya wanawake Tanzania, aliyefuata kwenye orodha anatosha.