Fundi wa seva pale Ngamiani, nampa nyota 4 kati ya 5

Mi nina studio ndogo ya video za harusi hapa Tanga, mafaili yote yanakaa kwenye kompyuta moja ya Linux, ndo seva yangu, alafu mashine mbili za kueditia zinavuta kutoka pale kwa waya. Netiweki ni ya gigabiti, yaani ikiwa nzima unatakiwa uone kama megabaiti 110 kwa sekunde, mi nikawa napata 40 tu. Harusi moja gigabaiti 20, hiyo ni dakika 8 na zaidi umekaa unaangalia mstari unasogea, na Jumatatu nakuwa na harusi tatu! Fundi niliyemwita mwanzo akaniuzia swichi mpya (kile kiboksi cha kuunganishia waya za netiweki) na waya mpya, spidi ikabaki ileile na hela ndo imeenda.

Huyu wa Ngamiani swichi hakuigusa. Akapima waya peke yake bila faili akaona unapitisha vizuri, alafu akasema nivute faili yeye aangalie top, ile programu ya Linux inayoonyesha nani anakula prosesa. "Kaka njoo uone hapa." Prosesa imejaa, na anayeila sana ni keneli, yaani kiini cha Linux chenyewe.

Programu yangu ya kugawa mafaili kijana mmoja aliniandikia kwa Python, inasoma kilobaiti 4 inatuma, inasoma tena 4 inatuma, kwa harusi nzima ni karibu mara milioni 5, na kila mara data inatoka memori ya keneli inakopiwa kwenye memori ya programu alafu inakopiwa tena kurudi kwenye keneli ndo iende kwenye kadi ya netiweki, wakati programu haijabadilisha hata herufi. Alivyonielezea, mchele uko stoo na gari liko mlangoni kwa stoo, we unaubeba kikombe kikombe mpaka sebuleni, unaurudisha stoo, ndo unapakia. Nikaelewa palepale.

Akaweka nginx, programu iliyo tayari ya kugawa mafaili, akawasha sendfile, hapo keneli inalirusha faili yenyewe bila kulipitisha kwenye programu. Kitu kipo kwenye Linux tangu toleo la 2.2, mwaka 1999, na mi nimenunua swichi! Kilichonifurahisha zaidi, kabla ya kupima tena alizima mashine akawasha, faili lisije likawa limeshakaa kwenye memori tukajidanganya. Tukavuta harusi ileile, 110, dakika 3 na kidogo, prosesa imetulia kabisa.

Amenitoza elfu 40. Nyota nimekata moja kwa sababu aliahidi saa 4 asubuhi akaja saa 8 mchana na simu hapokei, na alichobadilisha hakuniandikia popote ikabidi nimfuate dukani anielekeze.

Kama seva yako ni ya https (data inasafiri imefichwa) mwambie mapema kabla hamjakubaliana bei, maana data lazima isimbwe kwanza kwahiyo sendfile hivihivi haitoshi, ni mpangilio mwingine na ana bei yake.