TAHADHARI: kuna fundi anang'oa swichi za Land Rover za zamani huku Mbeya, kaondoka na za mzee wangu

Jamani wenye Land Rover za zamani, Mbeya mjini, Tukuyu, Chunya, Mbalizi mpaka huko Makambako na Iringa, kuna mtu anapita majumbani anajitambulisha fundi wa dashibodi za gari za zamani. Mimi kanipitia wiki tatu zilizopita. Nimekaa kimya mda wote huo kwa aibu, mke wangu ndo kasema andika, kesho huyo fundi atamfuata Baba Neema pale jirani na yeye atalia kama wewe. Basi naandika.

Gari mnaijua. Ile Land Rover one-o-nine (ile ndefu) pikapu ya mzee, baba yangu marehemu, Series IIA ya 1965, ile yenye taa katikati kwenye grili sio kwenye mabawa, ambayo tangu msiba imekaa bandani Isyesye. Mwaka huu nikasema hapana, naiamsha. Bodi yenyewe aluminiamu haijaoza, chesisi tumechomelea sehemu mbili, injini imeshuka imepanda, breki tayari. Ikabaki dashibodi. Nilitaka kutoa swichi zote na ile paneli ya katikati ili nipake rangi upya maana ilikuwa imebanduka vibaya, na mimi umeme wa gari naogopa, sifichi.

Nikaona tangazo lake kwenye kundi la spea, picha kali kweli, paneli zinang'aa, swichi zimepangwa kwenye kitambaa cheusi. Nikapiga. Akaja jumamosi asubuhi kuna ukungu na ile baridi yetu ya mwezi wa saba, amevaa ovaroli safi, na kibegi kidogo cha ngozi. Kijana wa kama miaka thelathini na tano, mpole, kamwamkia mama "shikamoo" kwa kuinama kabisa, kapewa chai na viazi, kala kwa adabu. Mama mpaka leo anauliza yule kijana mzuri mbona harudi.

Sasa nisikilizeni kwa nini nilimwamini, maana najua kuna watakaosema mbona mjinga huyu. Alipofungua mlango tu akatazama betri akanambia kaka, gari hii ilitoka kiwandani chanya ndo inaenda kwenye bodi, mmegeuza lini? Na ni kweli! Mzee aligeuza alipofunga oltaneta, mimi nilikuwa nasoma sekondari. Fundi gani wa hapa mjini anajua hilo bila kuambiwa? Alafu akaanza kunisomesha waya, kanionyesha moja moja kwa tochi: kahawia inatoka betri moja kwa moja haina fyuzi, nyeupe inaamka ukiwasha ufunguo, kijani imeshapita kwenye fyuzi, nyekundu taa ndogo, bluu taa kubwa, nyeusi arthi. Usiku nikatafuta mwenyewe, kweli Waingereza ndo walivyopaka hivyo hivyo. Hakunidanganya hata rangi moja. Mtu anakwambia kweli tano mfululizo, ya sita utaikagua kwa sababu gani?

Na ile mikono yake. Hapa ndo panaponiuma mpaka leo. Kuna ile swichi ya kuvuta ambayo mzee aliongeza ya spotilaiti enzi zile anabeba mahindi usiku kutoka Mbarali. Mimi niliwahi kuivuta kwa pulaizi ule mkia wake nikaogopa itakatika nikaacha. Yeye kaitazama, katoa msumari mwembamba amesaga ncha yake, kaulaza chini ya nobu, kapapasa kama anatafuta mshipa wa mtoto kwenye sindano, kumbe pale chini kuna katundu, ndani kuna pini ya springi. Kabonyeza, ikalia "tik", nobu ikatoka mkononi mwake kama jino bovu. Hakuikwaruza hata kidogo. Alafu akatoa kipande cha bomba amekichonga vijino viwili, kakiingiza kwenye ile nati ya duara iliyoshika swichi kwenye paneli, kazungusha kwa vidole viwili tu, ikafunguka. Nati ambayo haijaguswa zaidi ya miaka thelathini! Mimi nimesimama pale nimeshika tochi nasema moyoni huyu Mungu kamleta.

Akafungua skrubu za paneli, kapitisha mkono nyuma kafungua kebo ya spidi mita kwanza, kavuta paneli mbele taratibu, wote tukaona ule msitu wa waya. Hapo ikaruka cheche moja, pa! Akasema samahani kaka, waya wa zamani huu umechoka. Nikamwamini. Kumbukeni hiyo cheche.

Akafika kwenye swichi kubwa. Ile yenye ufunguo katikati na mkono wa taa unazunguka pembeni yake. Wale mliopanda na mzee mnaikumbuka, maandishi yalikuwa yamefutika yote, mzee akachukua rangi ya kucha ya mama, nyekundu, akaweka nukta moja pale mkono unapolala taa kubwa zikiwaka, ili hata gizani akiwasha tochi aone. Mama alimgombeza wiki nzima kwa ile rangi ya kucha. Mimi nimejifunza kuendesha nikiwa naangalia ile nukta. Nikamwambia kabisa fundi, hii swichi ni ya marehemu baba, hii nukta usiifute. Akanitazama usoni, kaweka mkono kifuani, kasema kaka, hata mimi baba yangu ni marehemu, nitaishika kama yai.

Kama yai! Mungu anamwona.

Akanambia kontakti za ndani zimeungua, ukirudisha hivi taa zitakuunguzia gari, inabidi azifungue mezani kwake Makambako, azipige msasa, aweke springi mpya, na paneli ataipaka rangi huko huko kwa kompresa, siku nne tu. Wayaringi nayo imekauka, kuna mtu wake Nairobi anasuka za kitambaa kama zile za zamani. Kazi laki moja na nusu, wayaringi laki mbili na ishirini, nusu sasa hivi. Nikatuma pale pale bandani. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke, nikamuuliza, akacheka akasema ni laini ya mke wangu kaka, mwanaume pesa ikikaa kwako inaisha. Tukacheka wote. Nikabonyeza namba ya siri. Mke wangu alikuwa mlangoni anaona, anasema alinikonyeza, mimi sikumwona, nilikuwa natazama paneli ya mzee inafungwa kwenye gazeti.

Siku ya tatu akatuma video, mkono unazungusha swichi, "klik klik" safi, akasema tuma iliyobaki nipakie kwenye basi la usiku. Video ya sekunde nane, imekatwa, nukta haionekani. Nikatuma. Tena nikaongeza elfu ishirini ya asante, maana nilikuwa nimefurahi. Hio elfu ishirini ndo inanichoma kuliko laki zote.

Saa kumi na moja alfajiri niko stendi ya Nane Nane, nimevaa koti mbili, kondakta kanipa boksi la juisi limefungwa na selotepu mpaka halina sura. Nikafungulia pale pale kwenye taa ya duka la chai. Swichi mbili za plastiki za bajaji. Mpya, bado zina vumbi la nailoni yake. Bunda la waya wa umeme wa nyumba. Na kipande cha bati ili boksi liwe zito. Paneli hamna. Swichi ya mzee hamna. Mama muuza chai kanambia mwanangu kaa chini kwanza. Nilikaa.

Simu yake haipatikani kuanzia hapo mpaka leo. Nimechukua RB polisi (ile namba ya taarifa), afande kasema hii namba si mara ya kwanza kuletwa pale. Sasa kama si mara ya kwanza kwa nini yuko nje? Mtu kama huyu apelekwe gereza la Ruanda hapa Mbeya akakae, tena aletwe mchana kila mtu amwone, anyang'anywe kile kibegi na ule msumari, alipe kila mtu aliyemliza kwanza ndo afungwe, sio faini ya laki mbili halafu jumatatu yuko bandani kwa mtu mwingine anakunywa chai. Kuiba simu ni wizi, lakini huyu anaingia nyumbani, anamwamkia mama yako, anasikia habari za marehemu wako, alafu anaondoka na kumbukumbu yake kwenye gazeti. Huyo nataka nimwone kizimbani kwa macho yangu, sitaki kuelewana naye pembeni, hata akirudisha pesa na riba.

Mchezo wenyewe nimekuja kuuelewa juzi. Ndugu mmoja wa Iringa kanitumia picha kutoka kundi lingine, swichi ya Land Rover orijino inauzwa, iko kwenye kile kile kitambaa cheusi. Na pembeni, nukta nyekundu. Nimeikuza picha mpaka ikapasuka. Ni yenyewe. Nyuma zimening'inia waya za kahawia na nyeupe, kama inchi mbili mbili. Hapo ndo nikakumbuka kitu ambacho nilikiona na sikukiona: siku ile hakuchomoa waya kwenye swichi, alikata kwa pulaizi. Fundi anayetaka kurudisha kitu anafunga kikaratasi kwenye kila waya, anaandika, anapiga picha. Yeye alikata chap chap, maana hakuwa na mpango wa kurudisha. Vitu orijino hivi wenye Land Rover za maonyesho wanavinunua bei ambayo mimi sikuijua.

Na ile cheche. Waya haukuwa umechoka. Hakutoa terminali ya betri! Yeye mwenyewe kanisomesha kwamba kahawia haina fyuzi, alafu kavuta paneli betri ikiwa hai, kwa haraka zake za wizi. Angeunguza gari, banda, na mama ndani. Fundi wangu wa injini nilipomsimulia alinyamaza, akauliza tu, "terminali alitoa?" Nikasema hapana. Akatikisa kichwa.

Mengine ni haya haya mnayoyajua, laini ya jina la mwanamke, hakuna karakana, ukimwambia nitakuja mwenyewe Makambako anakwambia usisumbuke kaka, hataki kazi ifanyike kwako mpaka mwisho, lazima vitu viondoke. Anapenda gari za marehemu. Anauliza mapema gari ilikuwa ya nani. Ana kovu dogo kwenye kidole gumba cha kushoto. Jina siliweki hapa maana alilonipa sio lake na polisi wanalo lililosajiliwa, nisije nikamchafua mama wa watu.

Ukitaka kung'oa swichi zako, niite, nakuja bure. Nimejifunza kwa yule yule shetani: toa betri, msumari mwembamba, katundu kako chini ya nobu, bonyeza, vuta. Dakika mbili. Ilikuwa dakika mbili tu na ningeweza mwenyewe.

Na yeyote atakayeuziwa swichi ya ufunguo ya Land Rover yenye nukta ya rangi ya kucha nyekundu upande wa taa kubwa, sina ugomvi na wewe, najua umenunua kwa pesa yako. Nitakurudishia ulichotoa, nauli juu. Usiisafishe tu hio nukta. Mama hajui bado kama imeibiwa, nimemwambia iko kwa fundi.