Santuri ya Baba Imerudi na Fundo Lile Lile

Naandika maoni haya ya mteja nikiwa bado na hasira, na ni vyema msomaji alijue hilo tangu mwanzo. Miezi kadhaa iliyopita nilipeleka santuri moja katika duka lililoko katikati ya jiji la Nairobi, linalotangaza kwamba huhamisha sauti za santuri na kanda za zamani na kuziweka kwenye flashi. Santuri yenyewe ni ile ya mwimbaji Marty Robbins iliyotoka mwaka 1959, Gunfighter Ballads and Trail Songs, yenye nyimbo 12 za wachunga ng'ombe wa Marekani ya Magharibi. Ilikuwa mali ya marehemu baba yangu. Nililipa fedha zote siku hiyo hiyo, nikaandika majina ya nyimbo kwa mkono wangu kwenye fomu yao, nikapewa stakabadhi na kuambiwa nirudi baada ya wiki moja.

Ili hasira yangu ieleweke, sharti nimweleze mwenye santuri. Baba alipokuwa kijana aliajiriwa kuswaga ng'ombe wa watu kwa miguu hadi mnadani Isiolo, na hakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata kila ubeti wa nyimbo hizo. Hata hivyo alimtambua mtu anayewaimbia ng'ombe pindi tu alipomsikia. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwisha mwaka 1865, makundi makubwa ya ng'ombe yalitolewa Texas yakapelekwa Kansas kwenye vituo vya reli, na safari hiyo ilichukua wiki nyingi. Usiku walinzi wawili walizunguka kundi juu ya farasi, mmoja akienda huku na mwenzake kule, wakiimba polepole ili mnyama asikie kwamba anayemjia gizani ni mtu anayemfahamu. Ng'ombe mmoja akishtuka, kundi zima hukurupuka, na anayekuwa mbele yao hukanyagwa. Baba alisema kwamba hata wao, waliposhika zamu ya usiku, hawakuthubutu kunyamaza. Kwa hiyo ule wimbo wa mwisho wa santuri, unaosimulia habari za mchungaji aliyekufa akimwokoa mtoto wa mwajiri wake kutoka kwa ng'ombe waliokurupuka, aliusikiliza akiwa amesimama, na sisi watoto tulijua kwamba wakati huo hapana kucheka wala kupita mbele yake.

Santuri hiyo ilikuwa na mkwaruzo. Wimbo wa pili ulitungwa na Bob Nolan, nao unamhusu mtu na mnyama wake wanaokata jangwa bila maji, huku mtu huyo akiyaona maji yasiyokuwapo. Kila mara sindano ilipofika kwenye neno la maji ilikwama, na yule mtu mwenye kiu akabaki akiyataja maji, maji, maji, mpaka baba anyanyuke na kuigusa kwa ukucha wa kidole kidogo. Alijaribu kuweka sarafu ya senti kumi juu ya kichwa cha sindano ili kukitia uzito, lakini haikusaidia. Nimekua nikiujua wimbo huo hivyo, kwamba mahali pale mtu hukwama na baba huinuka.

Nilipokwenda kuchukua kazi yangu nilikabidhiwa flashi na mfuko wenye santuri, nikaenda zangu. Usiku huo niliichomeka flashi kwenye redio, nikakaa karibu kabisa na spika. Wimbo wa kwanza ukapita vizuri. Wa pili ukaanza, ukakaribia neno la maji, nikashika pumzi, nao ukapita moja kwa moja kama barabara ya lami. Nilidhani fundi ameusafisha kwa programu ya kompyuta, jambo ambalo sikumwagiza, nikajituliza. Kisha ukafika wimbo wa El Paso.

Wimbo huo una zaidi ya dakika nne na nusu, nao ulitoka wakati redio zilikuwa zikipendelea nyimbo za dakika tatu hivi. Kampuni iliyoutoa ilikuwa na wasiwasi, ikaandaa pia toleo lililofupishwa kwa ajili ya watangazaji, lakini uliopendwa na watu ni ule mrefu, na mwanzoni mwa mwaka 1960 ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Katika toleo fupi ubeti uliokatwa ni ule ambao mchunga ng'ombe, akiwa amekwisha kumwua mwenzake kwa ajili ya wivu, anashikwa na majuto kabla ya kukimbia. Baba, ambaye mtu alilazimika kumtafsiria, alisema kwamba ubeti huo ukiondolewa kinachobaki ni habari ya muuaji tu. Kwenye flashi yangu ubeti huo haupo. Mtu anaua, na papo hapo anaiba farasi.

Hapo ndipo nilipouchukua ule mfuko. Santuri ilikuwa imefungwa kwa kipande cha leso, na aliyekifunga ni mama, baada ya mazishi. Mama hutumia mkono wa kushoto, na fundo lake hulalia upande ambao fundo la mtu mwingine halilalii. Fundo lilikuwa pale pale, vile vile, na hata vumbi lililoshika kwenye mikunjo yake halikuwa limetikiswa. Hawakuifungua santuri. Walisoma majina niliyoyaandika kwenye fomu, wakaziokota nyimbo kwenye intaneti, wakanipa.

Nilirudi dukani. Nilimkuta kijana aliyenihudumia, nikamweleza kwa upole, maana nilitaka kwanza kusikia kama pana maelezo ambayo sikuyajua. Hakukana. Aliniambia, "Mzee, nyimbo ni zile zile, tena nimekupa safi zaidi. Wewe ulitaka nyimbo ama ulitaka mikwaruzo?" Wateja wengine wakageuka kunitazama. Nilimjibu, "Kijana wangu, nilikulipa uicheze santuri hii." Akasema kwamba siku hizi hakuna anayesikiliza nyimbo hizo za wazee isipokuwa wazee wenyewe, kisha akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu. Neno hilo la mwisho si la kweli, na limeniuma kuliko lile la mikwaruzo. Mwanangu wa mwisho aliujua wimbo wa kwanza wa santuri hiyo kabla hajaiona, kwa kuwa husikika redioni ndani ya mchezo wa kompyuta uitwao Fallout: New Vegas, uliotoka mwaka 2010, na aliponisikia nikiupiga mluzi jikoni alidhani nami nacheza mchezo huo. Wimbo unaoweza kumshika mtu aliyekesha akilinda ng'ombe nyikani, kisha ukamshika mjukuu wake ambaye hajapata kukamua hata mbuzi, haumalizwi kwa neno la kijana aliyesimama nyuma ya kaunta.

Lakini haki lazima isemwe. Nilipoandika maoni haya mara ya kwanza nilitoa nyota moja. Baada ya siku chache niliisikiliza flashi hiyo tena, nikalisikia gitaa la Grady Martin katika El Paso, likizunguka sauti ya mwimbaji kama ndege anayezunguka maji, na sauti za Bobby Sykes na Jim Glaser nyuma yake, kila mmoja mahali pake. Katika gramafoni ya baba vyote hivyo vilikuwa uvumi tu. Niliwaza kwamba huenda kijana amenipa zawadi bila kujua, nikabadilisha nikaandika nyota tatu. Kisha nikalitazama lile fundo, nikazifuta mbili.

Wako watakaosema kwamba nakuza jambo dogo. Nawakumbusha kwamba mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alifika Kapkatet huko Kericho, akawarekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimba Chemirocha, ambalo ndilo jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini humo. Miaka mingi baadaye nakala za sauti hizo zilirudishwa kwa watu wa eneo hilo, na wazee wakazisikia tena sauti za enzi za ujana wao. Hebu fikiri kama wangeletewa waimbaji wengine, wenye sauti nzuri zaidi, waliorekodiwa kwenye studio bora zaidi, wakaambiwa wimbo ni ule ule.

Mwishowe nilimwomba mama ruhusa, akalifungua fundo mwenyewe. Jirani yangu ana gramafoni inayofanya kazi, akaileta nyumbani, nami nikaweka simu juu ya stuli karibu na spika. Sauti iliyopatikana si nzuri, na lori moja linasikika likipita barabarani, lakini kwenye neno la maji sindano ilikwama, na simu ikamnasa mama akisema, "Iguse kidogo." Mwanangu ndiye aliyeinuka akaigusa.

Anayetaka nyimbo tu aende kwenye duka hilo, atazipata na zitakuwa safi. Mwenye santuri anayoijua kwa mikwaruzo yake asiwaachie, na kama hana budi, asimame pale pale mpaka aione ikizunguka. Mimi wamenirudishia nusu ya fedha wakiita ni msaada. Nusu ya pili bado naidai, na stakabadhi ninayo.