Leseni ya redio ya intaneti Marekani: rahisi kuipata, ghali ukipendwa

Leseni nayo ni bidhaa: unalipa, unapewa kitu, na kitu chenyewe kinaweza kukufaa au kukuumiza. Hii ni ruhusa ya kisheria ya kurusha rekodi za muziki mtandaoni nchini Marekani, na mkusanyaji wa malipo ni SoundExchange. Kwa kipindi cha 2021 hadi 2025, ada ya chini iliwekwa dola 1,000 kwa kila stesheni kwa mwaka, hulipwa kabla Januari haijaisha na hairudishwi. Stesheni ya kibiashara hukatiwa ada hiyo kwenye mirabaha, yaani malipo ya kutumia rekodi, itakayodaiwa mwaka huo.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba humwombi mtu kibali. Rekodi iliyokwisha kutolewa kihalali unaipiga, iwe ya kampuni kubwa au ya msanii aliyejirekodia chumbani, na mwenyewe hawezi kukukatalia. Mgawo nao uko wazi: 50% kwa mwenye rekodi, 45% kwa msanii mkuu, 5% kwa wapigaji na waimbaji wa kusindikiza. Fungu la msanii humfikia bila kupitia mikononi mwa kampuni yake. Kwa hilo leseni hii inastahili alama zote.

Balaa liko kwenye kipimo cha bei. Kiwango cha 2021 kilikuwa dola 0.0021 kwa kila wimbo kwa kila msikilizaji wa huduma ya bure, na dola 0.0026 kwa huduma ya kulipia. Baada ya hapo, hadi 2025, kilirekebishwa kufuata mfumuko wa bei. Haya, piga hesabu kwa kiwango hicho cha huduma ya bure. Nyimbo 15 kwa saa ni dola 0.0315 kwa msikilizaji mmoja. Wasikilizaji 100 kwa wastani, usiku na mchana, hufanya saa 72,000 kwa mwezi wa siku 30: dola 2,268. Wakifika 1,000, bili ni dola 22,680, hata kama hujauza tangazo hata moja. Wakati huohuo redio ya FM hailipi senti kwa rekodi inayoirusha hewani; inawalipa watunzi tu.

Msikilizaji hukutana na bei hii bila kuitambua. Ule ujumbe wa kuuliza kama bado unasikiliza una sababu: wimbo unaolia kwenye chumba kitupu unalipiwa vilevile. Kuruka nyimbo huwekewa mpaka kwa kuwa hata kipande cha wimbo huhesabiwa, na pia kwa kuwa huduma inayomwachia mtu achague wimbo autakao imeshatoka nje ya leseni. Mwaka 2013 Pandora, huduma ya redio ya mtandaoni ya Marekani, iliwawekea wasikilizaji wa bure kwenye simu kikomo cha saa 40 kwa mwezi, ikitaja kupanda kwa mirabaha, kisha ikakiondoa mwaka huohuo.

Kuna pia masharti ya upangaji. Ndani ya saa 3 huruhusiwi kupiga zaidi ya nyimbo 3 za albamu moja, wala zaidi ya 2 mfululizo. Za msanii mmoja mwisho ni 4, na 3 tu mfululizo. Msanii mkubwa akifariki leo, kipindi kizima cha nyimbo zake peke yake ni ukiukaji, labda upate ruhusa ya wenye rekodi. Orodha ya nyimbo haitangazwi kabla, na kipindi kilichohifadhiwa chenye urefu usiofika saa 5 hakiwekwi kwa ajili ya kusikilizwa tena. Ndiyo maana vipindi vingi vya muziki vikikupita, vimekupita.

Ripoti za matumizi ndizo zinazochosha. Hutakiwa ndani ya siku 45 baada ya mwezi kuisha, zikitaja msanii, wimbo, albamu na lebo au namba ya ISRC inayotambulisha rekodi, pamoja na idadi ya mara wimbo uliposikilizwa. Seva nyingi hutoa jumla ya saa tu, hivyo hakikisha yako inahesabu wasikilizaji wimbo kwa wimbo na inachuja roboti. Faili iliyoandikwa “Track 01” haimlipi mtu. Ukichelewesha malipo, faini ni 1.5% kwa mwezi.

Na bado hujamaliza. Tungo zina leseni zake, zinazotolewa na mashirika ya kuwakusanyia watunzi malipo: ASCAP, BMI, SESAC na GMR. Mpakani pia leseni hii hukoma. Mwaka 2007 Pandora ililazimika kuwafungia wasikilizaji wa nje ya Marekani.

Stesheni isiyo ya kibiashara inunue bila wasiwasi: kwa kipindi cha 2021 hadi 2025 ada ya chini ilitosha hadi saa 159,140 za usikilizaji kwa mwezi, karibu wasikilizaji 220 muda wote. Stesheni ndogo ya biashara isiingie peke yake. Mpango wa kulipa asilimia ya mapato ulikwisha pamoja na mwaka 2015, na Live365, huduma ya kurushia stesheni ndogo mtandaoni, ikafungwa Januari 2016, kisha ikarudi 2017 chini ya mmiliki mwingine. Afadhali huduma ya aina hiyo, inayouza seva na leseni kwa pamoja. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: leseni zinafika nchi zipi, nani anatuma ripoti, na saa za mpango zikiisha katikati ya mwezi, stesheni inazimwa au bili inaongezeka?