Ndege ikitua kwa dharura: slaidi au kusubiri ngazi?

Ubishi huu hurudi kila ajali: abiria watoke mara moja kwa slaidi (mitelezo ya dharura inayojazwa hewa mlangoni), au wabaki vitini mpaka ngazi ziletwe?

Kwa kasi, slaidi hazina mpinzani. Aina mpya ya ndege ya abiria haipewi kibali mpaka ithibitike inaweza kutoa watu wote kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Moto ukiwa ndani, basi hakuna mjadala. Riyadh, Agosti 1980, ndege ya Saudia ilitua salama ikiwa na moshi, milango ikachelewa kufunguliwa, na wote 301 wakafa. Uwanja wa Haneda, Tokyo, Januari 2024, ndege ya Japan Airlines iliteketea, lakini wote 379 walitoka hai.

Kwa majeraha, kusubiri kunashinda. Slaidi huvunja miguu na kuchubua ngozi. Halafu, chini kuna nini? Singapore, Novemba 2010, A380, ndege kubwa ya injini nne ya shirika la Australia la Qantas, ilitua baada ya injini moja kupasuka angani. Mafuta yakavuja karibu na breki zilizochemka, na injini nyingine ikakataa kuzimika. Nahodha Richard de Crespigny akawabakiza abiria ndani, wahudumu wakiwa tayari milangoni na zimamoto wakimwaga povu; baadaye wakashuka kwa ngazi upande mmoja tu. Watu 469, hakuna aliyeumia.

Uamuzi ule, kwangu, ulisimama juu ya wale zimamoto. Kwenye uwanja usio na magari yao karibu, mafuta yakivuja hivyo, ningeelewa rubani anayefungua slaidi. Na moshi ukiingia kabini, habari ya ngazi imekwisha.