Besimenti ya Chicago: valvu au kupandisha bomba?

Chicago, maji ya mvua na maji taka hupita bomba moja. Mvua ikizidi, bomba la mtaa hujaa na uchafu hupanda kupitia tundu la sakafu ya besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi. Uweke valvu ya kuzuia maji kurudi, au upandishe bomba la maji taka la nyumba lipite juu, karibu na dari ya besimenti?

Kwa bei, valvu haina mpinzani. Kupandisha ni kupanga upya mabomba, na mafundi hawafanyi hivyo kwa bei ya kutupa. Ila valvu ina masharti. Kilango chake kikinasa kitambaa au mafuta yaliyoganda, hakifungi sawasawa, kwa hiyo ni ya kufunguliwa na kusafishwa. Na ikijifunga, usioge wala usifue: maji yako yenyewe hayana pa kwenda.

Bomba la juu halina usumbufu huo. Maji ya ghorofa za juu hushuka yenyewe; pampu husukuma maji ya besimenti pekee, kuyapandisha hadi kwenye bomba hilo. Umeme ukikatika, utakosa choo na mifereji ya besimenti tu.

Besimenti ya kuwekea masanduku, valvu yatosha, mradi uisafishe. Kama kuna mtu analala huko, mimi ningekusanya pesa nipandishe. Maji yanayopenya ukutani ni shauri jingine: hayo yanataka shimo na pampu yake, vyovyote utakavyochagua.